Intaneti Husahau: Namna ya Kuitafuta Historia ya Hadithi za Mashabiki

Ubishi huu huzuka kila baada ya miezi michache. Mmoja anasema hadithi za mashabiki zilizaliwa na programu za kusomea kwenye simu. Wa pili anamsahihisha: zilianza na Harry Potter. Wa tatu anacheka na kuwarudisha wote kwenye Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani. Wa nne, ambaye hakosekani, anamfufua Virgil, mshairi wa Roma ya kale, na kudai kuwa yeye ndiye shabiki wa kwanza wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Kisha anatokea mtu wa kuuliza swali la maana, kwamba ushahidi uko wapi, na jibu linakuja lilelile: "Tafuta tu, intaneti haisahau."

Intaneti husahau sana. Anayetafuta kijarida cha mashabiki kilichotolewa New York mwaka 1967 ana nafasi nzuri ya kukishika mkononi, tena katika maktaba ya chuo kikuu, akiwa ameketi kitini. Anayetafuta tovuti iliyosomwa na maelfu ya watu mwaka 1998 huenda asipate hata picha ya ukurasa wake wa kwanza. Hilo ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kadiri jambo lilivyo karibu nasi ndivyo lilivyo rahisi kulichunguza.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Hadithi ya mashabiki ni hadithi anayoitunga mpenzi wa kazi fulani, iwe tamthilia, riwaya au katuni, akiwatumia wahusika na ulimwengu wa kazi hiyo bila kuagizwa wala kulipwa na mwenye kazi. Nahodha aliyekufa anafufuliwa, maadui wawili wanafungiwa chumba kimoja, mhusika wa pembeni anapewa sura yake. Wasimulizi wa ngano za Sungura na Fisi wamefanya hivyo siku zote, kila mmoja akiongeza hila yake. Tofauti ni kwamba Sungura hana wakili.

Jumuiya ni kitu kingine, na hapa wengi huteleza. Mtu anayeandika hadithi na kuifungia sandukuni ametunga, lakini hajaunda jumuiya. Jumuiya inahitaji wasomaji, watu wa kuhariri kwa kujitolea, mtunza hifadhi, kanuni za nini kiandikiwe onyo, na bila shaka magomvi. Kwa hiyo Virgil tumwache apumzike. Anayeuliza asili ya utunzi wa namna hii ana swali lake. Anayeuliza asili ya jumuiya ana jingine, na ubishi mwingi ni watu wawili wanaojibu maswali mawili tofauti.

Neno lenyewe la Kiingereza, fan fiction, nalo ni mtego. Limeonekana katika maandishi tangu 1939, na anayelikuta huko hushangilia mapema. Wakati huo lilikuwa na maana ya hadithi za kisayansi zilizoandikwa na mashabiki wasio waandishi wa kulipwa, mara nyingi zikiwa na wahusika wao wenyewe. Neno lilitangulia, maana tunayoijua leo ikalikuta njiani.

Maana hiyo ilishika mizizi kwenye karatasi. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966, na mwaka uliofuata likatoka Spockanalia, linalohesabiwa kuwa jarida la kwanza la mashabiki wa tamthilia hiyo. Majarida kama hilo yalirudufiwa, yakabanwa pini, yakauzwa kwenye makongamano na kwa posta kwa bei ya kurudisha gharama. Humo ndimo zilimozaliwa tabia nyingi ambazo leo hudhaniwa kuwa za mtandaoni. Mary Sue, lile jina la kejeli la mhusika asiye na dosari ambaye kila mtu anampenda, lilitoka katika kichekesho cha Paula Smith cha mwaka 1973, ambamo Luteni Mary Sue ana umri wa miaka kumi na tano na nusu. Hofu ya wenye hakimiliki nayo ilianzia huko: mwaka 1981 Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars, iliwaandikia wahariri wa majarida ya mashabiki wa filamu hizo kuwaonya juu ya hadithi zenye mambo ya ngono. Kwa hiyo mtandao ulipokuja haukuunda jumuiya hizi. Uliwapa posta ya haraka watu ambao tayari walikuwa na desturi zao, na mtafiti asiyezijua desturi hizo ataziona zikiibuka ghafla 1994 kama uyoga baada ya mvua.

Sasa tuingie mtandaoni. Ili kuelewa kilichobaki na kilichopotea, kila unapokutana na jukwaa la zamani jiulize swali moja tu: nakala zilikuwa kwa nani?

Usenet ulioanza 1980 ulikuwa mfumo wa makundi ya majadiliano usio na mwenyewe. Uchukulie kama ubao wa matangazo ambao kila chuo kina wake, na kila usiku mbao hizo zinanakiliana. Ukibandika hadithi kwenye ubao mmoja, kesho imo kwenye mbao zote. Mashabiki wa Star Trek walikuwa na kundi la alt.startrek.creative tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wa The X-Files wakawa na alt.tv.x-files.creative muda mfupi baada ya tamthilia hiyo kuanza 1993. Kwa kuwa nakala zilikuwa kila mahali, ungetegemea kila kitu kimesalia. Shida ni kwamba seva zilifuta ujumbe wa zamani ili kupata nafasi, na ziliendelea kufuta kila siku.

Sehemu kubwa ya tuliyonayo ya miaka ya kwanza tunaidai kwa Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliyehifadhi ujumbe wa Usenet kwenye kanda za sumaku 141, kuanzia 1981 hadi 1991. Kisha kampuni ya Deja News ikaanza kuhifadhi mwaka 1995, Google ikainunua Februari 2001, na mwishoni mwa mwaka huo ikatoa mkusanyo wa miaka ishirini. Tazama tarehe hizo tena. Kanda zinaishia 1991, Deja inaanza 1995. Katikati kuna viraka vya makusanyo mengine, na kipindi hicho chenye viraka ndicho hasa ambacho makundi ya hadithi za mashabiki yalikuwa yanakua. Mtu anayesema "nimetafuta, hakukuwa na hadithi nyingi kabla ya 1995" huenda anapima uhifadhi akidhani anapima uandishi.

Orodha za barua pepe zilikuwa kinyume chake. Hapa hakuna ubao, kuna barua ya mzunguko: unaandika mara moja, kila aliyejiandikisha anapata nakala, na asiyejiandikisha hajui hata kama orodha ipo. Wengi walizipenda kwa sababu hiyohiyo. Aliyeandika mapenzi ya Kirk na Spock, wanaume wawili wa Star Trek, hakutaka bosi wake ampate kwa bahati mbaya, na baadhi ya orodha hizo zilitaka mtu athibitishe umri kabla ya kuingia. Faragha hiyo iliwalinda walio hai na ikaficha historia. Barua hizo leo ziko kwenye kompyuta mbovu za waliozipokea, kama ziko.

Tovuti za watu binafsi zilifuata, kisha hifadhi za mashabiki wa kazi moja, kama Gossamer ya The X-Files, ambayo kwa bahati njema ingali inasomeka. Oktoba 1998 ikafunguliwa FanFiction.Net, hifadhi ya kazi zote chini ya paa moja, ambako mtu aliweza kujipandishia hadithi mwenyewe bila kumwomba mtunza hifadhi. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yanavyosikika. Kabla yake kulikuwa na mlango na mtu wa kukufungulia. LiveJournal, jukwaa la shajara za mtandaoni lililoanzishwa 1999, ikawavuta wengi baadaye kwa sababu hadithi na soga ziliweza kukaa ukurasa mmoja.

Karibu zote hizo zilikuwa nyumba za kupanga, na wapangaji walifukuzwa.

Septemba 2002 FanFiction.Net ilipiga marufuku hadithi zisizofaa kusomwa na watoto, na zilizokuwemo zikaondolewa. Mwishoni mwa Mei 2007 LiveJournal ilizifunga akaunti takriban 500 kwa siku moja au mbili, ikidai kulinda watoto. Majina yaliyofungwa yalionekana yamepigwa mstari katikati, na tukio likapata jina lake, Strikethrough, kutokana na mstari huo. Miongoni mwa waliofungiwa walikuwamo manusura wa unyanyasaji waliokuwa wakisaidiana, na kundi la Kihispania lililokuwa likijadili Lolita, riwaya ya Nabokov kuhusu mwanamume anayemtamani msichana mdogo. Kampuni iliomba radhi na kurudisha akaunti nyingi, lakini imani ilikwisha. Oktoba 26, 2009 Yahoo iliifunga GeoCities ya Marekani, mtaa mzima wa tovuti za bure ambao iliununua miaka kumi kabla kwa zaidi ya dola bilioni 3. Wanaharakati wa Archive Team, kundi la kujitolea linalookoa tovuti zinazokufa, walinakili walichoweza kabla taa hazijazimwa. Mwezi Oktoba 2019 ikaja zamu ya Yahoo Groups, makao ya orodha nyingi za barua pepe. Wanachama walipewa majuma machache kabla ya kufutwa kwa yaliyomo Desemba, kisha muda ukasogezwa hadi mwisho wa Januari 2020 kwa waliotaka kupakua vitu vyao. Kwa kuwa makundi mengi yalikuwa ya faragha, waokoaji walilazimika kwanza kujiunga kundi kwa kundi. Baadhi ya akaunti zao zilifungwa wakiwa katikati ya kazi.

Ukiyapanga hivyo unaelewa kwa nini mwaka 2007, ule mwaka wa mstari, mashabiki waliunda shirika lao, Organization for Transformative Works, na kwa nini walisisitiza wamiliki seva zao wenyewe. Hifadhi yao, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009 na kushinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na za kubuni, mwaka 2019. Wengi huieleza kama tovuti nzuri tu ya kusomea. Mimi naiona kwanza kama jibu la mpangaji aliyechoka kuhamahama akaamua kununua kiwanja.

Lakini kwa mtafiti hifadhi hiyo ina mtego wa tarehe. Mwandishi anaweza kupandisha leo hadithi aliyoiandika 1996 na kuiwekea tarehe ya 1996, au akaacha tarehe ya leo. Hifadhi ndogo zinazokaribia kufa nazo huhamishiwa humo kupitia mradi wa Open Doors. Kwa hiyo tarehe unayoiona inaweza kuwa ya kuandikwa, ya kuchapishwa mara ya kwanza au ya kuhamia. Ukijenga chati ya "ukuaji wa jumuiya" juu ya tarehe hizo bila kuuliza ni ipi kati ya hizo tatu, umechora chati ya uhamaji.

Kwa bahati, zipo ishara nyingine ambazo hakuna aliyekusudia kuziacha. Ujumbe wa Usenet una kichwa chenye tarehe na namba yake ya utambulisho. Hadithi za FanFiction.Net zilipewa namba kwa kufuatana, hivyo hata iliyofutwa, kama namba yake imebaki kwenye kiungo cha mtu mwingine, inakuonyesha takriban ilipandishwa lini. Anwani za zamani za GeoCities zilikuwa na majina ya mitaa, kwa mfano Area51 kwa wapenzi wa hadithi za kisayansi, ikifuatiwa na namba ya nyumba. Baada ya Yahoo kuinunua 1999 wakazi wapya walipata anwani zenye majina ya akaunti zao. Kiungo kikiwa na Area51 ndani yake, kwa kawaida nyumba hiyo ilijengwa kabla ya mwenye nyumba kubadilika. Na kurasa za viungo, zile orodha za "tovuti nizipendazo" ambazo siku hizi tunaziona za kishamba, ndizo ramani bora tuliyoachiwa ya nani alimjua nani.

Viungo hivyo ukivipeleka kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi inayokusanya kurasa tangu 1996, utapata baadhi. Usikate tamaa ukurasa wa kwanza ukikataa kufunguka; jaribu kurasa za ndani. Ujue pia kwamba kwa miaka mingi hifadhi hiyo iliheshimu faili dogo ambalo mwenye tovuti huliweka kuzuia roboti, yaani programu zinazopita zikikusanya kurasa. Tovuti ikifa, jina lake likanunuliwa na mtu mwingine aliyeweka faili hilo, basi hata nakala za mwenye zamani zilifichwa. Kurasa zilikuwepo, ila pazia lilishushwa na mtu asiyehusika.

Lakabu ni kizingiti kingine. Karibu kila mtu aliandika kwa jina la kubuni, na wengi walikuwa na zaidi ya moja: moja la hadithi za watoto, jingine la hadithi ambazo watoto hawafai kuziona. Majina mawili yanaweza kuwa mtu mmoja, na jina moja linaweza kuwa watu wawili walioandika pamoja. Usihesabu majina ukadhani umehesabu watu. Na usijaribu kuyafumbua. Mwalimu aliyeandika mapenzi ya wanaume wawili mwaka 1995 alikuwa na sababu ya kujificha, na sababu hiyo huenda ingalipo.

Hapa kuna dhana moja inayonikera: kwamba kilichokuwa wazi mtandaoni ni cha wote kunukuu. Aliyebandika hadithi yake mbele ya wanachama 200 aliowafahamu hakuwa akizungumza na ulimwengu. Jarida la kitaaluma la Transformative Works and Cultures, linalotoka tangu 2008, huwahimiza waandishi wake kuomba ruhusa kabla ya kunukuu kazi ya shabiki. Ni utaratibu mzuri hata kwa asiye msomi. Mtu akikataa, unaweza bado kueleza jambo lilivyotokea bila jina wala kiungo.

Dhana kwamba hadithi hizi ni haramu kisheria haisimami kirahisi namna hiyo. Sheria ya Marekani inaruhusu matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa katika hali fulani, na mahakama hupima mambo manne, likiwamo kusudi la kazi mpya na athari yake kwa soko la kazi ya awali. Katika kesi ya mwaka 1994 kuhusu wimbo wa dhihaka wa kundi la 2 Live Crew, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitilia uzito kama kazi mpya inaigeuza ile ya kwanza kuwa kitu chenye maana nyingine. Ndiyo asili ya lile neno "Transformative", yaani lenye kugeuza, katika jina la shirika la mashabiki. Lakini kinga hiyo hupimwa kesi kwa kesi, na mashabiki wa zamani hawakuwa na fedha za kwenda kupimwa. Anne Rice, mwandishi wa riwaya za vampaya, alipotangaza mwaka 2000 kuwa haruhusu hadithi zenye wahusika wake, nyingi ziliondolewa bila hakimu kusema neno. Kwa mtafiti hilo lina matokeo ya moja kwa moja: ukimya kuhusu mwandishi fulani hauthibitishi kwamba hakuwa na mashabiki waandishi.

Na wale wanaodhani ilikuwa michezo ya wasichana wa shule wasome majarida ya miaka ya 1970. Wengi wa waliojenga majarida hayo, na baadaye orodha za barua pepe, walikuwa wanawake watu wazima wenye kazi na familia. Mtandaoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliofika walikuwa hasa wale wenye akaunti za vyuo vikuu au kampuni za kompyuta. Utafiti mashuhuri wa Henry Jenkins na wa Camille Bacon-Smith, wote wa 1992, ulichora ulimwengu wa karatasi na makongamano. Ni hazina, ila asiutumie mtu kuelezea mtandao wa 1998. Japani nayo ilikuwa na njia yake, na soko la Comiket la majarida ya mashabiki lilianza Desemba 1975, kwa hiyo hata kusema "asili" kwa umoja ni kujitakia taabu.

Mbinu moja ya mwisho, ambayo mimi huipenda kuliko zote. Tangu miaka ya 1990 mtumiaji wa Usenet aliweza kuongeza mstari kwenye ujumbe wake kuagiza usihifadhiwe. Ujumbe wake haupo. Lakini waliomjibu hawakuweka mstari huo, na desturi ya wakati ule ilikuwa kunukuu maneno ya mwenzako kabla ya kuyajibu. Kwa hiyo tafuta majibu. Utakuta aya mbili za hadithi iliyofutwa, zikiwa na alama za kunukuu pembeni, na chini yake mtu akilalamika kwamba sura ya saba imechelewa. Kutokana na malalamiko hayo unajua hadithi ilitoka kwa sura, ilikuwa na wafuasi, na angalau sita zilikwishatoka. Kama aya hizo zinafaa kunukuliwa tena, wakati mwenyewe alikwisha kusema hapana, ni uamuzi utakaoufanya wewe.

Wengi wa watu hawa wangali hai, ingawa waliokuwa na miaka arobaini mwaka 1990 sasa wamepita sabini. Ukimpata mmoja, naye akakubali kuzungumza, usianze na "ilianza lini?", maana kumbukumbu huchanganya miaka. Muulize kama bado ana kompyuta yake ya zamani au flopi zilizofungiwa kwenye boksi, na umsihi asiziwashe wala kuzitupa hadi apatikane mtu wa kuzinakili.